Fahali Anapigiwa Isukuti, Mbwa Anapigwa Teke

Wasee, leo sina utani. Kuna mbwa ploti ya nyuma hapa Amalemba. Nimemjua miaka miwili na sijawahi kumwona akikimbia. Mchana kutwa yuko kwa mnyororo. Akibweka, anarushiwa ndala. Akichimba, teke. Halafu mwenyewe anasema, "Huyu mbwa ni mjinga."

Mwezi jana mnyororo ukakatika. Akamng'ata mtoto aliyetumwa maziwa. Mtoto akaoshwa kidonda kwa sabuni na maji mengi, akaanza sindano za kichaa cha mbwa, na hizo si moja. Mbwa akaangaliwa siku kumi, akaonekana mzima. Lakini ploti imeshaamua: atiliwe sumu.

Sisemi mpira wa matambara ungezuia kila kitu. Nasema hivi: mnyama ukimfunga miaka miwili bila mchezo, bila matembezi, bila mtu, usishangae akitoka vibaya. Hata wewe simu ikizima saa mbili tu unaanza kugombana na watu.

Nikisema mbwa anahitaji kucheza, naambiwa hayo ni mambo ya wazungu. Eti ni ya wale wa YouTube wanaofuga fereti, kale kajamaa ka kicheche, na kukajengea mabomba ya kupitia sebuleni. Sawa. Basi twende Khayega ama Malinya siku ya mafahali. Fahali anasindikizwa na isukuti asubuhi na mapema, umati unakimbia naye, anaitwa kwa jina lake kama mwanasiasa. Kama vita vyenyewe ni haki kwa huyo fahali, hiyo ni stori ya siku nyingine. Ninachosema ni kwamba usinidanganye eti huku hatujui kumchangamsha mnyama. Tunajua sana. Tumechagua tu nani anastahili.

Na pesa si kisingizio. Kabla juala zipigwe marufuku 2017, nani alitununulia mpira? Tulisokota wenyewe na kamba. Magari tuliunda kwa waya. Sasa hiyo akili imeenda wapi?

Shika hizi, zote ni za bure:

Jinzi iliyochanika: kata vipande vitatu virefu, suka kama nywele, piga fundo kila upande. Vutana na mbwa wako.

Chupa ya soda ya plastiki: toa kifuniko na ile pete yake, tia ugali mkavu na omena kidogo. Ataibingirisha hadi chakula kitoke. Kaa hapo umwangalie. Akianza kutafuna plastiki, mnyang'anye.

Katoni ya dukani: toa pini na selotepu, toboa mashimo mawili, mpe paka. Mrushie kijikaratasi ndani. Utacheka.

Sungura naye mpe tawi la mpera atafune. Meno yake hayaachi kukua.

Na usimpe mbwa gunzi la mahindi, hata kama yamejaa Kakamega nzima. Akimeza kipande kinaweza kuziba matumbo. Mfupa wa kuku uliopikwa, hapana, unavunjika kama sindano. Paka usimwachie uzi, akiumeza unaweza kumkata ndani.

Najua kuna mtu atasema, "Watu hawana unga na wewe unaongelea mchezo wa mbwa?" Hilo linaniuma kwa sababu ni kweli, kuna nyumba usiku huu zitalala njaa. Lakini jinzi iliyochanika haipunguzi unga wa mtu. Kinachotakiwa ni dakika kumi, na hizo dakika unazo, kwa sababu umeniletea hapa.

Jana jioni nilimwomba mwenye mbwa anipe hizo kumi. Akacheka, akasema nijaribu. Niliweka ile kamba ya jinzi chini, nikarudi nyuma. Mbwa aliinusa, akaniangalia, akajikunyata. Alidhani ni ya kumpiga. Dakika ya nane hivi akaishika kwa meno, akaivuta kidogo, mkia ukatingishika mara moja.

Nimeomba wiki mbili kabla ya hiyo sumu. Kama una mbwa kwa mnyororo saa hii, usiningojee mimi nije kwenu. Nenda utafute jinzi.