KAZI ZA MIKONO: Pwani ya Vita Juu ya Meza

Miongoni mwa kazi za mikono zinazopendwa na watu wenye subira ni kuunda mfano mdogo wa mahali palipopiganwa vita. Wengi huchagua pwani ya Normandy, katika nchi ya Ufaransa, iliyopewa jina la Omaha, ambako askari wa Marekani walishuka kutoka baharini asubuhi ya tarehe 6 Juni, 1944. Kazi hiyo yaonekana kuwa mchezo tu, lakini fundi asipoangalia vipimo atasema uongo bila ya kufungua kinywa.

Kipimo kinachotumika sana ni cha 1 kwa 72. Kwa kipimo hicho mtu wa sentimita 180 huwa sanamu ya sentimita 2 na nusu. Mashua ya kushushia askari, iliyoweza kuchukua watu 36, ilikuwa na urefu wa meta 11. Katika mfano huwa sentimita 15 hivi. Hesabu hizo ni nyepesi.

Shida ni mchanga. Askari walishuka wakati maji yamekupwa, ili wenye mashua wapate kuviona vyuma na magogo yenye mabomu ambayo Wajerumani walikuwa wameyasimika ufuoni. Basi iliwapasa kuvuka mchanga mtupu wa karibu meta 300, mbele ya bunduki za rashasha zilizowekwa vilimani. Katika mfano, meta 300 ni zaidi ya meta 4. Fundi mwenye meza ya meta 1 hushawishika kuisogeza bahari karibu na kilima, kisha kuujaza mchanga kwa vifaru. Kumbe upande wa mashariki wa pwani ile, katika vifaru 29 vilivyoteremshwa baharini vielee hadi nchi kavu, 27 vilizama.

Iliyo bora ni kuchagua sehemu moja tu. Meza ya meta 1 ni meta 72 za pwani: zatosha kuonyesha mashua moja na ukingo wa maji, au boma la kokoto ambalo askari walijificha nyuma yake.

Kwanza ubao upakwe plasta, nayo iteremke polepole kuelekea baharini. Mchanga wa kawaida usitumiwe ovyo, kwa maana chembe ya milimita 1 huwa kama jiwe la sentimita 7. Chembe hizo zafaa kwa boma la kokoto. Ufuo wenyewe watakiwa vumbi laini lililochekechwa, likashikizwa kwa gundi, na sehemu iliyolowa ipakwe rangi nzito zaidi. Povu la mawimbi laweza kufanywa kwa pamba iliyonyambuliwa. Sanamu za watu ziwekwe mwisho, tena chache, zimetawanyika.

Siku ile watu zaidi ya 2,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea pwani ya Omaha. Kwa hiyo fundi asione haya kuacha nafasi tupu. Mtoto wake akimwuliza mbona mchanga ni mwingi na watu ni wachache, na amwambie ahesabu: kila sentimita 1 ni karibu hatua moja ya mtu aliyekwenda na mzigo mgongoni, nguo zimelowa, asione pa kujificha.