Fomu Yako Bado Inasema Mama

Siku uliyojiunga na SACCO ya steji yako ulijaza fomu. Pale chini, baada ya namba ya kitambulisho, kulikuwa na mstari mmoja unaouliza: mrithi wako ni nani? Wengi wetu tuliujaza haraka haraka, foleni ikitusukuma. Kijana wa miaka 22 anaandika mama. Sawa kabisa. Miaka kumi baadaye mama ameshatangulia mbele ya haki, kijana ana mke na watoto wawili Mtongwe, na fomu bado inasema mama.

Tunalitaja hili kwa sababu kuna swali linalotufikia kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe: "Mume wangu amefariki, PIN yake ninayo. Nitoe tu?" Jibu letu ni hapana, na kulitoa kunauma, maana anayeuliza mara nyingi ana matanga nyumbani na wageni wanataka kula. Lakini PIN ni ufunguo tu, haikufanyi mwenye mali. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema anayegusa mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Na shemeji akiuliza nani alitoa pesa usiku ule wa msiba, utamjibu nini?

Kwa hiyo usimwachie mkeo PIN ukadhani umemwachia urithi. Mwachie jina lake kwenye karatasi.

Hapa majina hayafanyi kazi sawa kila mahali. Kwenye SACCO, mahakama zetu zimeamua mara kadhaa kwamba pesa zilizoandikiwa mtu huenda kwa huyo aliyeandikwa, nje ya mirathi. Ukiwa umesahau kumwondoa mke mliyeachana, ndiye anayeweza kulipwa. Kwenye pensheni, wadhamini wa mfuko wana sauti pia. Na Mwislamu ana hesabu nyingine: wasia hauzidi theluthi, na haumwendei mrithi mpaka warithi wenzake wakubali. Ukitaka kumwandikia mtu mmoja kila kitu, muulize kwanza Kadhi. Ni bora aulizwe ukiwa hai kuliko ndugu zako wakutane mbele yake wamenuniana.

Halafu kuna ule wosia wa barazani. Mzee alisema sikukuu iliyopita, "Hii nyumba ni ya fulani," watu wakaitikia. Kwa asiyefuata sheria ya Kiislamu, wosia wa mdomo wa raia wa kawaida unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na unasimama tu ikiwa aliyeusema atafariki ndani ya miezi mitatu. Mzee akiishi zaidi, na tunamwombea aishi, maneno yale hayana nguvu tena. Yaandikwe.

Tunajua wapo wanaosema kuandika mambo haya ni kujiitia kifo. Mbona chama cha mazishi tunachangia kila mwezi bila kuogopa?

Jambo jingine linalotusumbua ni pesa ambazo hakuna anayejua kama zipo. Zikikaa muda mrefu bila mwenyewe, sheria ya mwaka 2011 inataka zipelekwe UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa. Hazipotei, mrithi anaweza kuzidai, ila atadai vipi asichokijua? Mwambie mtu mmoja unayemwamini: laini zako ni hizi, SACCO ni ile, bima iko kampuni fulani. PIN baki nayo.

Umeoa, umeachika, umezaa, umefiwa? Rudi ofisini wiki hiyo hiyo. Nenda na kitambulisho chako na cha unayemwandika. Ukimwandika mtoto wa chini ya miaka 18, uliza ni mtu mzima gani atakayemshikia pesa hizo, na jina lake liandikwe pia.