Usimcheke Apandaye Mlima na Mbuzi

Msomaji, kicheko ni chema kikija baada ya ufahamu. Kikiutangulia, huwa ni ujinga unaojifurahisha wenyewe. Nasema haya kwa ajili ya watu fulani wa Marekani ambao habari zao huchekwa kabla hazijamalizika kusimuliwa. Watu hao hupanda milima ya Rocky, katika jimbo la Colorado na majimbo jirani, wakifuatwa na mbuzi waliotwikwa shogi. Ndani ya shogi mna redio ndogo ya kupokea na kupeleka habari, betri, waya mrefu, maji na koti la mvua. Wafikapo kileleni huutundika waya juu ya ufito, huketi juu ya jiwe, na huita. Mtu wasiyemjua, aliye mbali nao maelfu ya maili, huitikia. Kisha hushuka na mbuzi wao.

“Wazimu gani huu?” huuliza wachekaji. “Simu imo mfukoni, mbuzi ni nyama na maziwa, na kilele cha mlima kina faida gani kwa mtu asiyelima wala kuwinda?” Hoja hizi tatu zina sauti kubwa na mizizi mifupi. Nakuomba uzipime pamoja nami moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni simu. Simu ni neema, wala sina ugomvi nayo. Walakini sauti yako haitoki katika simu yako ikaingia moja kwa moja katika simu ya rafiki yako. Huenda kwanza kwenye mnara. Mnara hutaka umeme. Umeme hutaka nyaya. Na vyote hivyo ni mali ya watu wengine. Kiungo kimoja kikikatika, simu ya thamani kubwa huwa kioo cha kujitazamia uso. Mnamo Septemba 2013 mafuriko yaliharibu barabara za Colorado, na kijiji cha Jamestown kikatengwa na dunia. Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wafanyao kazi hii bila malipo, walisaidia kupeleka habari za waliokwama. Tarehe 20 Septemba 2017 tufani iliyoitwa Maria ilikipiga kisiwa cha Puerto Rico, na kesho yake zaidi ya minara tisa katika kila kumi ya simu ilikuwa kimya. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba wanaredio wa ridhaa 50 wapelekwe huko.

Je, walitakiwa watu walionunua redio siku ile? La, hasha. Walitakiwa watu waliokwisha kuzoea kutega waya kwa mikono yao, kutunza betri isiishe, na kusikiliza sauti dhaifu katikati ya makelele. Mazoea hayo hayanunuliwi dukani. Huyapata mtu katika baridi na upepo, mahali pasipo fundi wa kumwita. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hoja ya pili ni kilele. Aulizaye faida ya kilele hajui jinsi sauti isafirivyo. Mawimbi ya redio ya megaheti 144 huenda takriban kama macho yaonavyo. Kilima kikisimama mbele, huzuiwa. Aliye juu ya kilele hana kilima mbele yake, na mlima wenyewe ni mnara wake, uliojengwa bila gharama. Mawimbi ya megaheti 14 yana tabia nyingine. Hupanda juu sana angani, hukuta tabaka ambalo mwanga wa jua umelitia umeme, hupindishwa, na hurudi ardhini mbali kabisa na yalikotoka. Kwa njia hiyo wati 5, nguvu ndogo kuliko ya taa nyingi za nyumbani, na waya wa mita 10 hivi, huweza kuvusha ujumbe bahari. Huu si uchawi. Ni elimu, na elimu hii hutahiniwa. Hapana mwanaredio wa ridhaa aruhusiwaye kuita hewani kabla hajapata leseni.

Mpango wa kuita kutoka vileleni, uitwao Summits on the Air, ulianza Uingereza tarehe 2 Machi 2002, nao umeenea katika nchi nyingi. Sheria zake ni kali. Haifai kufika kileleni kwa gari, wala kutumia umeme wa gari. Na apendaye kuhesabiwa alama sharti azungumze na vituo vinne kwa uchache. Ni mchezo, nakiri. Lakini ni mchezo umfundishao mtu kutenda mengi kwa nguvu chache, na michezo ya namna hiyo ni adimu.

Hoja ya tatu ni mbuzi. Katika miaka ya 1970, huko Wyoming, John Mionczynski aliyekuwa akifuatilia kondoo wa mwituni alianza kuwatwika mbuzi vifaa vyake. Mbuzi hukanyaga mwamba ambao farasi huuogopa, hula majani ya njiani, na humfuata mtu amjuaye bila ya kuvutwa. Aghalabu huchaguliwa dume aliyehasiwa, wa jamii kama Alpine, Saanen au Toggenburg, ambazo wafugaji wa Kenya huzijua kwa maziwa. Akiwa na kilo 80 aweza kubeba kilo 20, lakini hatwikwi mzigo kamili mpaka afikie umri wa miaka minne hivi, mifupa yake ikomae. Mwenye haraka humharibu. Tena mzee ambaye magoti yake yamechoka, na ambaye mzigo ungemfungia nyumbani, hupata kwa msaada wa mnyama huyu kukiona kilele tena. Nani atathubutu kuliita jambo hilo upuuzi?

Ipo lawama moja ya haki, nami sitaificha. Mbuzi wa kufugwa aweza kuwaambukiza kondoo wa mwituni ugonjwa wa mapafu uwauao kwa wingi. Kwa hiyo katika baadhi ya misitu ya magharibi ya Marekani mbuzi wa mizigo wamekatazwa. Katazo hilo ni jema. Penye kondoo hao mbuzi abaki nyumbani, na mtu abebe redio yake mgongoni, kwani uzito wake si mkubwa. Mwenye kuupenda mlima huku akiwaangamiza wenyeji wake ni mwongo. Vivyo hivyo alaumiwe yule anayeacha waya wake umesimama wakati radi inapolia. Huyo si shujaa, ni mpumbavu.

Lakini lawama hizi ni za kuirekebisha kazi, si za kuidharau. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nchi yetu nayo ina milima na mbuzi, na katika anga la dunia ina alama yake: kituo kinachojitambulisha kwa 5Z ni cha Kenya. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Sikuagizi, msomaji kijana, uondoke kesho na mbuzi wa babako. Nakuuliza neno moja tu: siku minara itakaponyamaza, na mto utakapokuwa umechukua daraja, wewe utakuwa upande wa waitao au wa wangojao kuitiwa? Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jifunze kuita kwa mkono wako mwenyewe. Na ukikutana na mtu mlimani na mbuzi wake, msalimu kwa heshima.