Njia Huulizwa Yaenda Wapi

Wako watu miongoni mwetu wasemao, “Waingereza walituletea njia, basi tuwashukuru, tusiulize zaidi.” Twawaheshimu wasemao hivyo, lakini hatukubaliani nao. Njia haisifiwi kwa unyofu wake. Huulizwa yatoka wapi, yaenda wapi, na mzigo upitao ni wa nani.

Tazameni. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari toka Aden hata Unguja, ili neno la London lifike upesi. Toka 1896 hata 1901 reli ilijengwa toka Mombasa hata ziwa la Viktoria Nyanza. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuifanyia kazi, na karibu 2,500 wakafa. Mwaka 1932 eropleni zikachukua barua toka London hata Cape Town, zikipita Nairobi, Dodoma na Mbeya. Barabara Kuu ya Kaskazini nayo ilishuka toka Nairobi, ikapita Arusha, Babati na Dodoma. Zote zilikuwa kamba za kufungia dola moja. Sisi wa Rhotia tulikuwa kando. Njia yetu ilichepuka pale Makuyuni.

Na pasipokuwa na njia, shingo ya mtu ilifanywa njia. Katika vita vya 1914 hata 1918 wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi chao. Je, nao washukuru?

Mtatuambia, “Hata hivyo njia zimebaki, nasi twazitumia.” Ni kweli, wala hatuzichukii. Lakini shukrani ni haki ya waliochimba na waliobeba.

Tena shukrani isiyouliza hutupofusha hata leo. Dola ile imekwisha. Lami yapita Rhotia, na magari ya wageni huenda mbio Ngorongoro. Lakini mkulima akaaye mbali na lami, mvua zikinyesha, gunia lake la mbaazi hulala topeni kabla ya kuifikia. Tukiridhika kuitazama tu njia ipitayo mbele yetu, tutabaki kando ya safari za wengine, kama walivyokuwa babu zetu.

Basi, ndugu, katika mkutano wa kijiji tusiulize tu, “Njia ipo?” Tuulize, “Yafika shamba la nani?” Na siku ya kuzibua mitaro, asikosekane hata mmoja wetu.