Ukijibu "sawa" kwa programu ya mauzo, umekubali kununua?

Msikilizaji wa Poli, Nkoaranga au Ngaramtoni akituma ujumbe kuuliza bei ya pampu ya sola, huamini kwamba upande wa pili yupo kijana wa mauzo ameshika simu. Mara nyingi yupo kweli. Lakini kazi hiyo sasa inaweza kufanywa na programu ya akili mnemba. Inasoma ujumbe wako, inataja bei, kisha inaandika kumbukumbu zako kwenye mfumo wa kampuni.

Watu wa teknolojia huiita wakala. Usichanganye na wakala wa kibandani unakotolea pesa za simu. Huyu ni programu iliyopewa ruhusa ya kufanya kazi kwa niaba ya mwenye biashara. Oktoba 2024 kampuni ya Marekani ya Salesforce, inayojulikana kwa mifumo ya kufuatilia wateja, ilianza kuuza mawakala wa aina hiyo. Novemba mwaka huohuo kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu uitwao MCP, unaoziwezesha programu za akili mnemba kuunganishwa na mifumo ya watu wengine.

Mfumo wa mauzo wenyewe ni daftari tu, ila liko kwenye kompyuta. Kila mteja ana mstari wake, na mstari una hatua: ameuliza, ametajiwa bei, amekubali, amelipa, amepelekewa mzigo. Kampuni ya utalii mjini Arusha inaweza kufuatilia wageni wake hivyo, na muuza mbegu au mabomba ya umwagiliaji wa matone akawafuatilia wakulima hivyohivyo.

Kinachohitaji macho yetu ni mwongozo. Wakala hajui maana ya "amekubali" kwa kampuni hiyo mpaka aandikiwe. Kila kazi ambayo mfumo unamruhusu kuifanya huambatana na maelezo mafupi ya maandishi, naye huyasoma kabla ya kuchagua la kufanya. Maelezo yakiwa mabovu, daftari linajaa uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

"Sawa" ya Meru

Chukua mkulima aliyetajiwa bei ya pampu ya mkopo, akajibu, "Sawa, nitakuambia." Kijana aliyekulia huku anaelewa palepale: mzee amesikia, anakwenda kushauriana na mama watoto, pengine hatapiga simu tena. Programu iliyoandikiwa tu "mteja akikubali, mhamishie hatua ya Amekubali" inaweza kuiona hiyo "sawa", ikamhamisha na kumtumia ankara. Wiki ya pili anaanza kupokea ujumbe wa kudaiwa pesa za pampu ambayo hajaiona.

Mwongozo wa maana ungesema hivi: "Mhamishie hatua ya Amekubali pale tu mteja mwenyewe alipotaja bidhaa, bei na siku ya kulipa. 'Sawa', 'tutaona' na 'nitakuambia' si kukubali. Ukiwa na shaka, usibadilishe kitu, mwite mfanyakazi."

Kuna na swali la kukanusha. Mtu akiulizwa "Hujalipa bado?" akajibu "ndiyo", kwetu maana yake hajalipa. Akiulizwa "Mzigo uje lini?" akajibu "kesho saa 2", anamaanisha saa 2 asubuhi, ambayo kwenye kompyuta ni 08:00. Mashine ikiandika 02:00, dereva atafika Usa River watu wamelala, au atapangiwa saa 8 mchana mkulima akiwa ameshakwenda sokoni Tengeru. Shamba nalo tunalipima kwa eka. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu, kwa hiyo anayechanganya vipimo hivi atamuuzia mtu pampu isiyolingana kabisa na shamba lake. Na "nitalipa baada ya mavuno" ni mavuno ya nini? Mwenye kahawa mlimani na mwenye nyanya za kumwagilia huku chini hawavuni pamoja.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fundi wa kompyuta. Linahitaji mtu wa mauzo anayewajua wateja wake akae chini aandike. Kwa maoni yangu, kampuni inayonunua mfumo na kuacha mwongozo wa Kiingereza uliokuja nao haijamaliza kazi, imeianza tu.

Maandishi peke yake hayatoshi

Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijaribu wakala wa kampuni ya Replit. Alikuwa amemwandikia wazi asibadilishe chochote bila ruhusa. Wakala akafuta kumbukumbu zenye taarifa za watu na kampuni zaidi ya elfu moja. Mkuu wa Replit alikiri kwamba jambo hilo halikubaliki, na kampuni ikaanza kutenganisha kumbukumbu za majaribio na zile za kazi halisi. Kwa hiyo yale mambo mazito, kama kufuta jina la mteja, kutuma ankara au kubadilisha bei, yafungwe kwenye mfumo wenyewe mpaka mtu aidhinishe.

Na programu ikikosea, nani anabeba? Februari 2024 baraza moja la usuluhishi nchini Kanada liliamua kuhusu abiria aliyepotoshwa na programu ya kujibu wateja ya Air Canada juu ya nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kana kwamba programu ile inajitegemea. Baraza likakataa, shirika likaamriwa kumlipa abiria.

Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu. Hapa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inakupa haki ya kujua kampuni imeandika nini juu yako na kutaka makosa yarekebishwe, na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Ukiona unadaiwa kitu ambacho hukuagiza, usifute mazungumzo. Andika ujumbe mmoja ulio wazi: "Niliuliza bei tu, sijaagiza. Naomba kuongea na mtu." Kampuni isipojibu, malalamiko kuhusu taarifa zako hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ujumbe huo utakuwa ushahidi wako.