Lawama Asiyostahili Rudolph Walker

Ni michache, kati ya michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Uingereza, inayolaumiwa leo kama Love Thy Neighbour, iliyoonyeshwa na kampuni ya Thames tangu mwaka 1972 hadi 1976. Mzungu na mtu mweusi ni majirani, tena wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Na kila juma Mzungu yule humvurumishia mwenzake matusi ya rangi, watazamaji wakaangua kicheko. Lawama hizo ni za haki. Si haki, lakini, kumtwika Rudolph Walker, aliyeigiza kama Bill Reynolds, yule jirani mweusi.

Walker ni mtu wa kisiwani. Alizaliwa Trinidad mwaka 1939, akawa mdogo kuliko wenziwe wote katika kikundi cha maigizo cha mshairi Derek Walcott. Mwaka 1960 alivuka bahari. Alikusudia Marekani, mwigizaji mwenziwe wa Trinidad, Errol John, ndiye aliyemshauri kuwa mafunzo bora yako Uingereza.

Na huko alikuta nini? Mwaka 1968 mbunge Enoch Powell alisimama Birmingham akawahutubia watu dhidi ya wahamiaji, na makuli wa bandari ya London wakaandamana kumwunga mkono. Miaka minne baadaye Bill Reynolds aliingia majumbani mwa watu hao hao. Hakuingia kwa unyonge. Alirudisha tusi kwa tusi, na mara nyingi Mzungu ndiye aliyefedheheka kwa ujinga wake. Walker hakutaka kamwe kuigiza mtu mweusi wa kuonewa tu. Hata hivyo tusi lililojibiwa halifutiki, na watoto weusi wa Uingereza waliitwa majina yale shuleni.

Tangu mwaka 2001 Walker ameonekana katika EastEnders kama Patrick Trueman, mzee wa Kitrinidad mwenye heshima zake. Na mwaka 2020 alipewa nishani ya CBE. Ni safari ndefu, na tunamvulia kofia.

Lakini wakuu wa serikali za visiwa, wa Karibi na wa kwingineko, wana swali la kujibu. Kijana huyu alifundwa kisiwani kwao. Wangapi mfano wake wangali wakivuka bahari, wakapokea sehemu yoyote watakayopewa na wenyeji, kwa kuwa nyumbani hakuna jukwaa linalomlipa mwigizaji ujira wa kumtosha?