BIA MBILI, JINA MOJA: NANI MWENYEWE?



Jumamosi ya mshahara wenzetu wawili wa karakana karibu washikane mashati kwa ajili ya bia. Hawakugombea chupa, waligombea jina. Mmoja alisema Budweiser ya kweli ni ya Marekani. Mwenzake akaapa kwamba ni ya Ucheki, na ya Marekani ni jina la wizi. Tuliwatenganisha. Lakini neno lenyewe ni kubwa kuliko chupa, kwa hiyo twaliandika hapa.

Kwanza mjue asili yake. Uko mji katika nchi ya Ucheki uitwao České Budějovice. Wajerumani waliuita Budweis, na kitu kitokacho huko wakakiita Budweiser, kama sisi tusemavyo samaki wa Kisumu. Watu wa mji ule wamepika bia tangu zamani za wafalme wao. Mwaka 1795 wenyeji wenye kusema Kijerumani walianzisha kiwanda chao. Mwaka 1895 Wacheki nao wakaanzisha chao, ambacho leo huitwa Budvar.

Sasa tumtazame Mmarekani. Adolphus Busch, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kupika bia kwa jina la Budweiser huko St. Louis mwaka 1876, na mwaka 1878 jina likaandikishwa. Watetezi wake husema: 1878 ni kabla ya 1895, basi yeye ndiye wa kwanza. Hesabu hiyo ni sawa, lakini ni hesabu ya karani. Wa kwanza kuandikisha si wa kwanza kupika. Sifa ya jina lile aliikuta tayari, imejengwa kwa mikono ya watu wa Budweis. Tena bia zenyewe si moja. Ya Marekani hutiwa mchele pamoja na shayiri. Ya Budvar haina mchele.

Sisi tuliosoma shule za misheni twawakumbuka wanawake wawili waliomgombea mtoto mbele ya Mfalme Sulemani. Upanga uliletwa, lakini mtoto hakukatwa. Huyu wa bia amekatwa kweli. Mwaka 1939, mwaka ule ule Hitler alipoingiza majeshi nchini mwao, Budvar walitia sahihi wakaliacha jina katika Amerika yote iliyo kaskazini ya Panama. Ndiyo sababu bia yao ilipoingia Marekani mwaka 2001 iliitwa Czechvar. Katika nchi nyingi za Ulaya Mmarekani naye hulazimika kuita yake Bud tu. Uingereza, mahakama ya rufani iliwaruhusu wote wawili mwaka 2000. Mawakili wameshiba miaka mia na zaidi.

Basi twauliza: katika kesi zote hizo, ni nani aliyemtetea mpika bia? Mwaka 2008 kampani ya Busch ilinunuliwa na matajiri wa InBev kwa dola bilioni 52. Jina halikuguswa hata herufi moja. Lakini Desemba ya mwaka ule ule ilitangazwa kwamba watu karibu 1,400 watapoteza kazi huko Marekani, wengi wao mjini St. Louis. Jina lililindwa na mawakili, watu wakaonyeshwa mlango. Hapo ndipo tunapokataa. Uhalisi wa kitu haukai katika karatasi iliyobandikwa juu ya chupa. Sisi wa reli twalijua hilo. Mabehewa yetu yamepakwa majina mapya mwaka 1977, na tena mwaka 2006, na kila mara aliyetia grisi magurudumu ni mfanyakazi yule yule.

Ndugu, hatukuandika haya kwa kupenda bia. Siku hizi wako watu wanaozunguka landi na karakana wakikusanya ada kwa risiti zenye jina linalofanana na la chama chetu. Wanasema wao ndio chama halisi. Mtu akikujia hivyo usibishane naye juu ya jina, wala usimwulize cheti peke yake, maana cheti hata Busch alikuwa nacho. Mwulize: ulichaguliwa na nani, katika mkutano gani? Hesabu ya fedha husomwa lini? Mwenzetu akifukuzwa kazi, nani ataingia ofisini kumsemea?

Lakini na sisi tusijisifu. Maswali hayo matatu yaulizwe hapa kwetu pia. Tawi lisiloitisha mkutano, lisilosoma hesabu mbele ya wanachama, ni kibandiko tu juu ya chupa tupu. Njoni mkutanoni, mtuulize kwa sauti kubwa. Tusipojibu, jina hili si letu.

Umoja ni nguvu.